Ziwa la Kushoto

Jumamosi iliyopita majirani zetu hapa Hamugembe, mjini Bukoba, walikuwa wakikamua ndizi nyuma ya nyumba yao. Sikuwaona, harufu ndiyo iliyonipa habari. Ilivuka ukuta ikaingia dirishani: utamu wa ndizi za pombe zilizoiva hadi kulegea, umechanganyika na majani mabichi yaliyopondwapondwa kwa miguu. Mke wangu akasema, "Leo hapo watu watakunywa." Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, mkono wangu wa kulia umeshaingia ndani ya shati bila kuniomba ruhusa, unapapasa kifua upande wa kushoto. Akaniuliza kama moyo unaniuma. Nikamwambia hapana, ni mazoea ya zamani tu, na kwa jinsi alivyonitazama nikajua kwamba nisipojieleza vizuri Jumatatu itanikuta hospitali.

Basi nikaketi nikamweleza, na sasa naona afadhali niwaeleze na ninyi, hasa mliokuwa wavulana wakati wangu. Mnaukumbuka ule umri ambao mwili unaanza kujifanyia mambo bila kushauriana na mwenyewe. Wenzangu darasani sauti zilianza kukwaruza, wakawa wanakohoa makusudi ili wasikike. Mmoja aliota vinyweleo vya kuhesabika juu ya mdomo, akatembea navyo kijiji kizima kama mwenyekiti. Mimi mambo yangu yalianzia mahali pengine kabisa, na kwa msimu mzima wa kuchuma kahawa niliishi na hofu moja: kwamba nilikuwa nageuka mwanamke.

Nilikulia Izigo, upande wa Muleba, kwenye kibanja cha baba yangu, Projesti, migomba juu na mibuni chini yake. Kibanja kilichopakana nasi kilikuwa cha Baba Mkubwa Respisi, kaka yake Baba. Ndugu hawa wawili walisaidiana kila kazi, wakapeana mbegu na majembe na hata suruali za kanisani, lakini sikuwahi kuwasikia wakizungumza jambo lisilo la kazi. Binti yake Baba Mkubwa, Jovina, alikuwa rika langu, na jioni tulishuka pamoja bondeni kuchota maji.

Kwenye dimbwi la ile chemchemi kulikuwa na vidudu vyeusi vinavyong'aa, vinazunguka juu ya maji mchana kutwa kana kwamba vimepoteza kitu. Wasichana wa kwetu waliviheshimu sana. Waliamini kwamba kidudu kile ukikishika ukakiacha kikung'ate kifuani, matiti yataota upesi, na msichana aliyechelewa angeshuka huko peke yake na kurudi bila kusema kitu. Jovina alinieleza habari hizo kwa uzito, kama mtu anayefundisha Katekisimu. Mimi nikacheka mpaka ndoo ikamwagika.

"Kumbe ni ujinga?" akaniuliza.

"Ujinga mtupu."

"Basi jaribu wewe. Kama ni ujinga, unaogopa nini?"

Mvulana akishaambiwa hivyo mbele ya msichana hana pa kutokea. Nikakikamata kimoja, nikakiingiza chini ya shati la shule upande wa kushoto, nikakibana kwa kiganja. Kiling'ata. Macho yalinitoka machozi, lakini nikajikaza nikasema sijasikia chochote, tukabeba ndoo zetu tukapanda nyumbani.

Nilikwisha kulisahau jambo hilo. Halafu asubuhi moja, nimelala kifudifudi, nikahisi kitu kinanichoma kati ya kifua na godoro. Nikapapasa. Chini ya chuchu ya kushoto, kushoto kulekule, palikuwa na kitu kigumu kama punje ya kahawa, na nilipokibonyeza kikauma hadi kwenye meno. Nikajiambia ni upele. Nikajiambia hivyo siku nyingi, na upele ukazidi kunenepa, ukawa kama kifungo cha koti, na shati likiusugua nilitamani kulia. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Ushahidi gani tena nilihitaji? Kidudu kilikuwa kimefanya kazi yake.

Nilimkimbilia Jovina. Nilimkuta anaanua kahawa kwenye mkeka, nikamvuta nyuma ya banda nikamweleza.

"Mawe!" akamaka kwa Kihaya, akashika mdomo. "Kwangu mimi kilikataa, kwako kikakubali?"

"Linaondolewaje?"

"Sijui. Sisi hatuondoi."

"Muulize mtu."

"Nimuulize nani? Nikiuliza namna ya kuliondoa, watasema mimi ni mchawi." Akanitazama kifuani, akakwepesha macho. "La pili nalo litakuja?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kuanzia hapo kila asubuhi kabla ya kufungua macho nilikagua upande wa kulia. Jovina, namshukuru, hakumwambia mtu, ingawa tangu siku ile alianza kuniachia ndoo ndogo, na huruma ile iliniudhi kuliko kitu chochote.

Sisi nyumbani tulizungumza Kihaya, na katika Kihaya ibele, yaani titi, ni ibele tu, halichanganyiki na kitu kingine. Kiswahili cha shuleni, ambamo titi nalo ni ziwa, ndicho kilichonitesa. Mwalimu wa Jiografia alikuwa mtu wa maswali ya ghafla, na siku moja alinyoosha fimbo kwangu: "Wewe! Ziwa lako lina ukubwa gani?" Alikuwa na maana ya Ziwa Viktoria, ambalo kutoka dirishani kwetu lilionekana likimeremeta chini kule, na alipenda kusema ni letu. Mimi nilijikunja juu ya dawati, mikono yote miwili kifuani. Darasa lilicheka bila kujua linacheka nini. Mwalimu akadhani nina malaria, akanirudisha nyumbani.

Nilisali, bila shaka. Mwanzoni nilimwomba Bikira Maria, kama tulivyozoea kila jioni. Kisha nikaingiwa na wasiwasi kwamba yeye ni mwanamke na huenda haoni ubaya wowote katika jambo hili. Nikahamia kwa Mtakatifu Yosefu, nikamweleza kama mwanaume kwa mwanaume. Ziwa liliendelea kukua.

Katikati ya haya yote kaka yangu Evodi akasema anataka kuoa. Evodi alikuwa mkubwa wangu kwa mbali, mwalimu wa Biolojia katika sekondari moja huku Bukoba, na msichana aliyempenda alitoka Kanazi. Nyumba yetu ikajaa mipango. Kwetu mtu haendi kuposa mikono mitupu. Anakwenda na rubisi, pombe yetu ya ndizi, na wazee wa upande wa pili wanaionja kabla ya kumtazama mtu usoni. Rubisi ikiwa mbovu, watasema nyumba nayo ni mbovu. Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa fundi wa pombe wa ukoo, na jioni moja alikuja kwetu akaketi mlangoni akapanga nani atafanya nini. Ndizi zingetoka kwa Baba. Obwato, ule mtumbwi wa mti ambamo ndizi hukanyagwa, ungetoka kwake.

"Na watakaokanyaga," akasema, "ni mimi, Projesti, na huyu." Alinielekezea kidole. "Rubisi ya posa lazima ndugu wa bwana harusi atie mguu ndani. Wewe si mtoto tena. Sauti yako imeshaanza kupasuka."

Ilikuwa imeanza kweli, na wakati mwingine wowote ningefurahi. Kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume, na mvulana akishaitwa kwenye obwato anakuwa ameitwa kwenye mambo mengi. Mama, aliyekuwa akimenya ndizi za chakula, akatania, "Na sisi wanawake mtatuita lini? Miguu tunayo."

Baba Mkubwa akacheka. "Miguu mnayo, shemeji, lakini juisi haiwataki. Mwanamke akikanyaga, ndizi zinafura povu tu. Hata tone halitoki."

"Uliwahi kuona?"

"Marehemu baba aliona."

Wote wakacheka, na mazungumzo yakahamia kwenye sukari. Mimi nilibaki na maneno yale. Hata tone halitoki. Nilijiona nimesimama kwenye obwato, povu limenifika magotini, wanaume wote wananitazama, na mmoja anauliza ni nani kati yetu ambaye si mwanaume. Na huko Kanazi msichana wa watu anasubiri. Evodi angebaki bila mke kwa sababu ya kidudu cha kwenye dimbwi na ubishi wangu.

Ndizi za pombe haziivi siku moja. Baba alizikata, akazitandika shimoni juu ya majani makavu, akafunika, akafukiza moshi, na kila nilipopita pale nilinusa. Siku za kwanza zilinukia moshi tu. Nilianza kutumaini kwamba huenda mwaka huo zimeamua kutoiva. Kisha jioni moja utamu ukaanza kupenya chini ya udongo, kidogo kidogo, na kesho yake ukazidi. Tangu wakati ule harufu ya ndizi mbivu, ambayo kila Mhaya anaimezea mate, mimi inanikausha mdomo.

Nilijaribu kujitibu. Nililikanda kwa jani la moto. Nilililalia kwa nguvu ili lirudi ndani. Mwishowe nilichana ganda kavu la mgomba, nikalisokota kamba pana, nikajifunga kifua chini ya shati hadi pumzi ikawa fupi. Juu yake nikavaa sweta. Mama alinishika paji la uso akasema, "Mwana wange, una homa?" Nikasema nasikia baridi. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba kahawa ilikauka siku ile ile iliyoanikwa. Mama aliniangalia, akasema ataniwekea mchuzi, akaondoka. Nilitamani arudi aniulize tena, na nilimshukuru Mungu kwamba hakurudi.

Evodi alipokuja nyumbani kwa ajili ya maandalizi, nikaona huyu ndiye wa kuuliza, ila nimuulize kwa kuzunguka. Nilimfuata kwenye mawe ya jiko la nje, ambako Mama alikuwa amebandika ebitoke, ndizi zetu za kupika, akaenda kuchuma majani.

"Kaka, ni kitu gani kinafanya mwanaume awe mwanaume?"

Ukimwuliza mwalimu kijana swali kama hilo, umempa zawadi. Evodi alikunja mikono ya shati.

"Homoni," akasema. "Sikiliza. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, kubwa kama njegere hivi. Huko ndiko amri inakotoka. Mtoto akifika umri wako, ubongo unaiamsha, nayo inamwaga homoni mbili kwenye damu. Homoni hazina miguu, zinasafiri na damu mpaka zifike kwenye korodani. Moja inasema: tengeneza testosteroni. Nyingine, ikisaidiana na hiyo testosteroni, inasimamia mbegu za kiume zitengenezwe. Testosteroni ndiyo inayokuharibu sauti hivyo. Ndiyo itakayokuotesha ndevu."

"Na ikizidi?"

"Swali zuri!" Alinyoosha kidole kwenye sufuria. "Umemwona Mama anavyofanya? Sufuria ikifura anachomoa kuni. Ikinyamaza anasukuma kuni ndani. Ubongo nao ni hivyo hivyo. Ukionja damu ukakuta testosteroni imetosha, unapunguza amri. Ikipungua, unaongeza. Mwili wa mwanaume unajipima wenyewe maisha yake yote."

Nilianza kupumua. Katika maneno yote hayo hapakuwa na kidudu popote. Nilikuwa karibu kabisa kufungua sweta nimwonyeshe.

"Na jambo la ajabu," akaendelea, maana mwalimu hajui kuacha, "ni kwamba mwili unachukua sehemu ya testosteroni hiyo hiyo unaigeuza kuwa estrojeni. Homoni ya kike. Kila mwanaume anayo ndani yake."

"Ya kike?"

"Ya kike."

"Hata Baba?"

"Hata Baba!" Akacheka. "Hata Baba Mkubwa. Sasa, mwanzoni mwa balehe, kabla hazijapata mizani..."

Sikusubiri mizani. Niliinuka nikasema naenda kuwaangalia mbuzi, na mbuzi wenyewe tulikuwa tumewauza. Nilikwenda nikasimama katikati ya migomba, nimeshika kifua. Kaka yangu msomi alikuwa amenithibitishia. Uanaume hugeuzwa kuwa uanamke, ndani ya mwili, kwa damu. Kwa wengine sehemu ndogo tu. Kwangu mimi kile kidudu kilikuwa kimechomoa kuni zote, na mgeuzo ulikuwa unaendelea nikiwa nimesimama palepale.

Siku ya kukamua ilifika na jua lake. Obwato ulikuwa umewekwa nyuma ya nyumba ya Baba Mkubwa, umeoshwa, umetandikwa majani mabichi. Majirani waliketi kwenye magogo wakimenya ndizi zilizoiva hadi ganda kuwa jeusi, na Evodi alikuwa kati yao na kisu, maana bwana harusi hakanyagi pombe yake mwenyewe. Wanawake walikuwa jikoni upande wa pili. Niliwasikia wakicheka, nikawaza kwamba labda ningekuwa salama zaidi huko.

"Vua shati," Baba Mkubwa akaniambia. "Huku hatuingii na nguo za kanisani."

Nilivua. Kamba ya mgomba ilikuwa imenizunguka kifua, imebana.

"Nini hiyo?" Baba akauliza.

"Jipu, Tata."

Baba aliitazama ile kamba. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko jipu linavyostahili. Kisha akanishika mkono akanivusha ukingo wa obwato. "Ingia," akasema. "Kanyaga."

Ndizi zilikuwa baridi, zikapenya katikati ya vidole vyangu. Tulianza, Baba Mkubwa mbele, Baba nyuma, mimi katikati, tukizikanyaga na majani yake. Baba Mkubwa alianzisha wimbo wa kazi, majirani wakaitikia. Zililegea, zikasagika, zikawa uji mzito. Povu jeupe likaanza kupanda. Nikaangalia chini kutafuta maji ya njano. Hapakuwa na maji. Tuliendelea. Jasho lilinitiririka, kamba ikalowa ikaanza kunikata ngozi, na povu likapanda likafika kwenye vifundo vya miguu. Wimbo ukaisha, Baba Mkubwa hakuanzisha mwingine.

"Mbona zinagoma?" akasema, akimega tonge la ule uji na kulibinya mkononi. Halikutoa kitu. "Ndizi zimeiva vizuri. Ongezeni majani."

Wakaongeza majani. Tukakanyaga. Povu tu. Majirani waliacha kumenya, mmoja akaguna. Baba Mkubwa akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi, labda kwa sababu tu nilikuwa katikati yao, lakini kwangu ilikuwa ndiyo hukumu yenyewe.

"Ni mimi!" nikasema. Sauti ilipasuka vipande viwili. "Nitoeni! Ni mimi ninayeizuia. Nina ibele!"

"Una nini?"

Nikavuta ile kamba mpaka ikakatika, nikasimama mbele yao wote, machozi na kamasi vinanitoka. "Ninageuka mwanamke. Nilijua nisingeweza. Mtafuteni mtu mwingine, Kaka apate kuoa."

Baba Mkubwa akaangua kicheko. "Mawe! Mwenzake anaoa, yeye anaolewa!" Majirani nao wakaanza. Mzee mmoja alicheka hadi kisu kikamwanguka. Nilitaka kuruka ukingo nikimbie, lakini mkono wa Baba ulikuwa begani kwangu, mzito, na haukuniachia.

Evodi ndiye aliyesimama. Hakuwa anacheka. "Nyamazeni," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema na wazee kama anavyosema na wanafunzi. "Hageuki chochote. Ni balehe. Homoni zimeanza kazi juzi, bado hazijapata mizani, ile ya kike imetangulia kidogo. Wavulana wengi darasani kwangu wanalo. Wanalificha kwenye sweta wakati wa jua, nawaona. Linakuja, linakaa, linaondoka."

Kicheko cha Baba Mkubwa kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Linaondoka lenyewe?" akauliza.

"Lenyewe."

"Bila dawa? Bila kulifunga?"

"Kulifunga kunaumiza tu, Baba Mkubwa."

Baba hakuwa ameacha kukanyaga. Miguu yake ilikwenda taratibu nyuma yangu, na alipoongea aliongea na ule uji, si na sisi.

"Langu lilikuwa la kulia," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Baba yangu, mwenye watoto watano na mikono kama mizizi, alikuwa amesema kitu kile mbele ya majirani.

"Nililifunga kwa kamba ya mgomba kama huyu. Nikaacha kuogelea. Nikaacha kukomunika, nilidhani nina dhambi nisiyoijua. Lilipoondoka sikumwambia mtu. Mpaka leo asubuhi nilidhani ni mimi peke yangu duniani."

Baba Mkubwa aligeuka polepole ndani ya obwato, akamtazama mdogo wake. "Lini?"

"Mwaka ule tuliohamishiwa chumba cha nyuma."

"Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, Projesti."

"Ndiyo, waitu," Baba akaitikia kwa heshima.

"Ukaanza kunigeuzia mgongo."

"Ungelisikia. Ungenicheka."

Mkono wa Baba Mkubwa, umejaa povu la ndizi, ulipanda ukatua kifuani pake, kwanza upande mmoja, kisha mwingine.

"Yangu yalikuwa yote mawili," akasema. "Nilishukuru uliponigeuzia mgongo, maana nami nilikuwa nakugeuzia. Kisha ukaacha hata kuongea nami. Nikajua umeyaona, umenichukia."

"Sikuyaona. Nilijua wewe ndiye uliyeona langu."

Baba akaacha kukanyaga. Walisimama wakitazamana juu ya kichwa changu, wazee wawili vifua wazi. Sikujua nifanye nini na macho yangu, kwa hiyo niliendelea na kazi niliyopewa. Nilikanyaga. Chini ya miguu yangu kitu kilikuwa kinalainika, kinafunguka, na maji ya njano yakaanza kupanda katikati ya vidole, yenye vuguvugu na utamu, na katika obwato wote ni mimi peke yangu niliyekuwa bado nakanyaga.